Mazungumzo ya Juma: Karatasi Kwanza, Feza Nyuma



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya amande ya parkingi. Tulipotaja jambo hili katika mkutano, wengine walicheka. Walisema: «Sisi tuna gari gani?» Ni kweli, wengi wetu hatuna gari. Lakini tunakodi gari la kuleta makala, unga na mboga. Tunapanda taxi kupeleka mtoto hospitali. Waume zetu, ndugu zetu na vijana wetu ni washofere na wenye pikipiki. Amande ikimwangukia shofere asubuhi, mchana bei ya kubeba gunia imekwisha kupanda, na jioni ni mama anayepunguza kipimo cha unga katika sufuria. Kwa hiyo amande ya parkingi ni jambo letu pia.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe, hata kama yanatutia haya.

Ilikuwa siku ya posho. Kikundi chetu kilikodi gari dogo kuleta lengalenga na tomati kutoka mashamba. Saa 12 asubuhi gari lilisimama kando ya soko, na mama mtunza feza wetu alianza kushusha vikapu pamoja na kijana wake. Vikapu viwili vilikuwa chini, cha tatu kilikuwa mikononi, wakati wanaume wawili walipofika. Mmoja alivaa jileti ya rangi ya manjano. Hawakusalimu. Walifunga gurudumu na sabo, kile chuma cha kuzuia gari, kisha wakasema: «Mmeparke bila kulipa. Amande ni franka 80 000.»

Shofere aliwaeleza kwamba alikuwa anashusha mizigo tu. Walijibu: «Utaeleza kwenye biro.» Biro gani siku ya posho saa 12 asubuhi? Jua lilianza kupanda. Ninyi mnaijua lengalenga: ikikaa saa mbili juani ndani ya gunia, hakuna tena mnunuzi. Mama mtunza feza aliangalia vikapu, akaangalia chuma, akauliza: «Sasa tufanye nini?» Walimjibu: «Toa 40 000, tumalize hapa hapa.» Alitoa. Chuma kilitoka, wanaume wakaenda zao. Hawakuacha karatasi yoyote.

Siku ya pili tulikutana kuhesabu. Katika kaye ya feza paliandikwa: parkingi, franka 40 000. Mama mmoja aliuliza kwa upole: «Kitansi iko wapi?» Hakuna aliyejibu. Mwingine alisema, si kwa upole, kwamba alikuwa amemwona mtoto wa mtunza feza na viatu vipya. Tangu hapo maneno yalitoka ambayo hatutaki kuyarudilia hapa. Mama yule alilia, akaweka ufunguo wa sanduku juu ya meza, akaenda nyumbani. Wamama wawili waliacha likelemba juma lile lile.

Tulikuja kujua ukweli, kwa sababu shofere alikuja kushuhudia mbele ya wote, na kijana pia. Tuliomba msamaha. Lakini ilituchukua karibu miezi 2 kukaa tena pamoja bila kuangaliana kwa jicho baya, na mmoja wa wale wawili hajarudi mpaka leo. Zile franka 40 000 tulizipata tena kwa kuuza mboga juma moja. Urafiki wa miaka mingi hatukuupata wote.

Ndiyo sababu tunaandika. Tulifikiri hasara ya siku ile ilikuwa feza. Kumbe hasara kubwa ilikuwa karatasi iliyokosekana.

Vitu vitatu tunavyovichanganya

Kwanza iko taxe. Hii ni feza ambayo mji au komini inaomba kwa gari linaloegeshwa mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Unalipa, unapewa jetoni au kitansi yenye tarehe. Kulipa taxe si kosa, ni sawa na taxe ya meza sokoni.

Pili iko amande. Hii ni adhabu. Inakuja wakati mtu amevunja sheria: ameegesha mahali palipokatazwa, au ameegesha bila kulipa taxe. Amande inapaswa kuandikwa. Inaonyesha kosa ni lipi, limefanyika wapi, saa gani, gari gani, na ni nani aliyeliona.

Tatu iko feza ya mkononi. Hii haina jina katika sheria, lakini sisi tunaipa majina mengi: kahawa, sukari, madesu ya bana. Haiingii katika kesi ya mji. Haitengenezi barabara wala haisafishi soko. Na kwa kuwa haina karatasi, kesho ajenti mwingine anaweza kukuomba tena kwa kosa lile lile, na huna cha kumwonyesha.

Siku ile tulilipa hiyo ya tatu, tukaiandika katika kaye kama ni ya pili. Hapo ndipo ugomvi ulianzia.

Sheria inasema nini

Wamama, tusiogope neno hili «sheria». Kuna maandiko machache tu ya kushika.

La kwanza ni Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2, mwaka wa 2006. Kifungu cha 174 kinasema kwamba kodi inawekwa kwa sheria tu. Hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi na kutunga kodi yake barabarani. Lakini kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba kuchangia gharama za inchi ni wajibu wa kila mtu anayeishi Kongo. Tuzishike pande zote mbili. Anayekataa kila taxe anakosa, na anayelipisha bila sheria anakosa pia.

La pili ni kifungu cha 27 cha Katiba hiyo hiyo. Kinatupa haki ya kuandikia wakubwa wa serikali ombi au lalamiko, mtu peke yake au watu wengi pamoja, na wakubwa wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kinasema tena kwamba hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa sababu tu ameandika ombi la namna hiyo. Someni tena mstari huo, mama. Kuandika barua si uasi.

La tatu ni sheria ya barabara, namba 78-022, ya tarehe 30 mwezi wa 8, mwaka wa 1978. Washofere wanaiita «kode». Kode inatofautisha mambo mawili. Kusimama ni pale gari linapokaa kwa muda unaohitajiwa tu ili watu wapande au washuke, au mizigo ipakiwe au ishushwe. Kuegesha, yaani kuparke, ni pale gari linapokaa zaidi ya muda huo. Gari letu la lengalenga lilikuwa linashusha. Lilikuwa limesimama. Laiti tungeijua tofauti hiyo saa ile, tungekuwa na neno la kusema mahali pa kutoa feza.

Lakini msiichukue tofauti hiyo kama ruhusa ya kila kitu. Kuna mahali ambapo hata kusimama kidogo kunakatazwa, kwa mfano pale gari linapozuia wengine kupita au kuwaweka katika hatari. Na shofere akimaliza kushusha, kisha akaenda kunywa chai, amekwisha kuparke.

Gari likifungwa, tufanye nini?

Haya ndiyo tunayofanya sasa katika kikundi chetu. Tumeyajifunza pole pole, na tunawapa.

Kwanza, tunasalimu. Ajenti ni mtoto wa mama fulani, naye pia ametoka nyumbani bila kujua kama jioni atakuwa na cha kupeleka. Ukianza na matusi, hata neno lako la haki halitasikiwa.

Pili, tunamwomba aonyeshe karata yake ya kazi, na karatasi ya mkubwa wake inayomtuma kufanya kazi ile mahali pale. Tunaandika jina lake na namba yake katika kaye, mbele yake, bila kujificha. Mara nyingi kalamu peke yake inabadilisha mazungumzo.

Tatu, tunauliza: «Kosa letu ni lipi?» Si «Tutoe ngapi?» Ukianza kwa kuuliza bei, umekwisha kukubali kosa, na umefungua soko la kupatana.

Ine, tunaomba amande iandikwe. Tunaisoma yote kabla ya kuweka sahihi. Tunaangalia tarehe, saa, mahali, namba ya plaki, na maneno ya kosa. Kama kuna jambo lisilo kweli, tunaandika karibu na sahihi yetu maneno machache, kwa mfano: «Gari lilikuwa linashusha mboga.» Maneno hayo madogo yatakuwa shahidi yenu baadaye. Kama hawakubali muandike, wekeni sahihi bila kugombana, lakini andikeni mambo yote katika kaye yenu saa ile ile, kabla hamjasahau.

Tano, tunaomba tuelezwe tutalipia wapi. Feza ya mji inalipwa kwenye banki au kwenye kesi yake, kwa karatasi yenye namba, na ukilipa unapewa uthibitisho: bordero ya banki au kitansi yenye kashe. Jina, namba na bei katika kitansi vifanane na vile vilivyo katika amande.

Sita, tunaangalia pande zetu. Nani aliona? Mwenye duka? Muuza mikate? Tunaomba majina yao kama wanakubali. Kama mtu ana telefone yenye picha, anapiga picha ya gari, ya vikapu chini, na ya mahali penyewe, kuonyesha kama kuna alama ya kukataza au hakuna. Tunapiga picha ya vitu. Tusimsukumie ajenti telefone usoni, tutaanzisha ugomvi mwingine.

Hapa tunaweka neno moja la tahadhari. Kama ni usiku, au mko peke yenu, au wale watu wana silaha na wamekunywa, msiwasomee Katiba. Tokeni salama. Ukitoa feza ili kuokoa maisha yako, hakuna mama katika kikundi atakayekuhukumu. Ukifika nyumbani, andika saa, mahali na kiasi, na uwaambie wenzako siku ile ile, usingoje mkutano. Kama mama mtunza feza wetu angetuambia jioni ile ya siku ya posho, pengine hakuna aliyeweza kuwaza mabaya juu yake.

Kama kosa ni letu, tulipe

Wengine watafikiri tunawafundisha kukataa kila amande. Hapana. Tunawapa mfano wa pili, nao pia unatutia haya.

Miezi michache baadaye, shofere yule yule alitupelekea unga. Alipomaliza, aliegesha gari mbele ya lango la kituo cha afya, akaenda kula. Mama mjamzito alifika juu ya pikipiki, uchungu umemshika, na pikipiki haikupata pa kuingilia. Alishuka njiani, akatembea akishikwa mikono huku na huku, mpaka ndani. Tunamshukuru Mungu, alizaa salama. Shofere aliporudi, alikuta polisi wa rulaji wanamngoja.

Alitupigia telefone. Alitaka tumsaidie kuandika barua, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba sasa tunajua kuandika barua. Tulimwambia hapana. Amande ilikuwa imeandikwa vizuri, saa ni ile, plaki ni ile, lango ni lile. Tulichangia nusu yake, kwa kuwa mzigo ulikuwa wetu, akalipa kesho yake asubuhi kwenye banki, akaleta bordero, tukaibandika katika kaye.

Kulipa upesi kuna faida. Gari likikaa katika kiwanja cha kufungia magari, siku zinahesabiwa na gharama inaongezeka, na shofere bila gari hana kazi. Ukijua moyoni kwamba umekosa, usitafute ndugu katika biro wala mtu wa kukupitishia mlango wa nyuma. Huyo ndugu naye atahitaji kahawa, na mwishoni utakuwa umelipa kuliko amande yenyewe.

Kama kosa si letu, tuandike

Sasa mfano wa tatu. Soko lile lile, asubuhi tena, maajenti wengine, sabo tena. Safari hii kikundi kilikuwa na wamama wanne pale, na kaye. Tuliwasalimu, tukaomba karata, tukaandika majina. Tuliomba amande iandikwe. Mkubwa wao aliandika kwamba gari limeparke bila kulipa taxe. Mama sekretere aliandika chini yake: «Gari linashusha vikapu, kazi haijaisha.» Walitoa sabo, wakatuachia karatasi ya kwenda kulipa.

Siku ya kwanza tuliandika barua. Hatukungoja, kwa kuwa ukichelewa wanaweza kusema umekubali, na mashahidi wanasahau. Kifaransa ndicho lugha ya biro za serikali, ingawa Katiba inahesabu Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Kwa hiyo tuliwaza kwanza kwa Kiswahili, sote pamoja, kisha tukaiweka kwa Kifaransa. Kama katika kikundi chenu hakuna anayeandika Kifaransa, nendeni kwa mwalimu wa kartye, au kwa kijana wa masomo ya sekondari. Lakini maneno yawe yenu, na awasomee tena kwa Kiswahili kabla ya kuweka sahihi.

Hii ndiyo barua yetu, tumeondoa majina:

«Kwa Mheshimiwa Meya wa mji.

Jambo: Kuomba amande ya parkingi ifutwe.

Mheshimiwa, sisi wamama wa kikundi fulani, tunaokaa avenu fulani, kartye fulani, tunawaandikia kwa heshima juu ya amande namba fulani, iliyoandikwa tarehe fulani, saa fulani, juu ya gari lenye plaki namba fulani.

Amande inasema kwamba gari liliparke bila kulipa taxe. Saa ile gari lilikuwa linashusha vikapu 11 vya mboga. Lilifika saa 12 na nusu, na maajenti walifika kabla ya kazi kuisha. Shofere alikuwa karibu na gari wakati wote. Tuliandika maneno hayo juu ya amande yenyewe, mbele ya maajenti.

Tunaomba amande hii ifutwe. Kama hamwezi kuifuta, tunaomba mtuonyeshe andiko linaloiweka na bei yake, ili tujue namna ya kufanya kesho.

Pamoja na barua hii tunaweka kopi ya amande, picha 2, na majina ya mashahidi 2 waliokubali.»

Hakuna matusi ndani yake, wala siasa, wala habari za amande ya zamani. Jambo moja tu, gari moja, siku moja. Mtu wa biro anasoma barua nyingi, na ile inayosema mambo kumi inarudi chini ya rundo.

Tulifanya kopi mbili. Ya kwanza iliachwa kwenye biro. Ya pili ilipigwa kashe ya kupokea, na tarehe, tukarudi nayo nyumbani. Hapa wamama wengi wanakosea: wanaacha barua yao moja mezani kwa mtu, wanashukuru, wanaondoka. Barua isiyo na kashe ni kama haikufika. Kama mtu wa biro anasema kashe haiko, mwombe aandike kwa mkono tarehe na jina lake. Kama anakataa hata hilo, rudini kesho mkiwa wawili.

Baada ya majuma mawili tulirudi kuuliza. Walisema barua inatafutwa. Tulionyesha kashe yetu. Baada ya juma la tano tulipata jibu. Amande ilifutwa, lakini waliandika kwamba magari yanayoshusha pale yanapaswa kulipa taxe ya siku, na tukaonyeshwa karatasi yenye bei. Taxe ile tuliilipa siku ile ile, tukapewa kitansi. Tangu hapo shofere anaipata asubuhi kabla ya kushusha, anaiweka mbele, nyuma ya kioo, na hakuna anayetusumbua.

Hatukushinda yote. Tulipoteza asubuhi tatu za kwenda na kurudi. Na zile franka 40 000 za kwanza hazikurudi, wala hazitarudi, kwa sababu hakuna karatasi ya kuzidai. Kama wangekataa, tungeweza kwenda juu zaidi, kwa mkubwa wa aliyekataa, na hata mbele ya mahakama kwa msaada wa wakili. Lakini kwa amande ndogo, pigeni hesabu kwanza. Msiuze mbuzi kwa kudai yai.

Watoto wanaangalia

Neno la mwisho, kwa kuwa gazeti hili ni la jamaa.

Asubuhi ile ya kwanza, kijana wa mama mtunza feza alikuwa pale na kikapu mikononi. Ana miaka 10. Aliona mama yake akitoa feza, aliona chuma kikitoka. Siku chache baadaye mwalimu wake alimwazibu kwa kuchelewa. Kijana alimwendea na franka 500 mkononi, akasema: «Mwalimu, tumalize hapa hapa.»

Mwalimu alituletea habari hiyo akicheka, nasi tulicheka pia. Kisha tukanyamaza. Mtoto hakufundishwa na mtu mbaya. Alifundishwa na mama mwema aliyekuwa anaokoa mboga za wenzake.

Leo kijana yule ndiye anayebeba kaye yetu sokoni siku ya posho. Anaandika saa gari linapofika na saa linapotoka, kwa maandishi mazuri kuliko yetu sote. Na mama yake amerudi kushika ufunguo wa sanduku. Tulimwomba mara tatu ndipo akakubali, kwa shariti moja: hakuna franka inayotoka bila karatasi, hata ya kununua chumvi.

Kwa juma hili, tunaomba kila kikundi kifanye kazi moja ndogo. Tafuteni kaye moja na bahasha moja ngumu. Katika kaye andikeni kila feza inayotoka barabarani: tarehe, mahali, aliyepokea, sababu. Katika bahasha wekeni jetoni, kitansi na bordero, hata zile ndogo. Feza iliyotoka bila karatasi, iandikeni pia, na mbele yake muandike wazi: bila karatasi. Msiifiche kwa jina lingine, kama sisi tulivyofanya. Mwisho wa mwezi hesabuni ni ngapi. Mtashangaa.

Na mama mmoja aliyeacha kikundi chetu kwa sababu ya zile franka 40 000, kama unasoma mistari hii, au kama mtoto wako anakusomea: sahani yako bado iko, na nafasi yako katika likelemba haijapewa mtu. Tunakutana siku ya pili, saa 9, mahali pale pale.

Mbaki na amani, wamama. Tuonane juma lijalo.